Kimo cha Taifa

Paukwa! Hapana, msiitikie bado. Katika nchi hii ukiitikia kabla ya wenzako unaandikwa, na ukiitikia baada yao unaandikwa mara mbili. Subirini kwanza.

Nchi yenyewe inaitwa Jamhuri ya Mnyoosho, na ni nchi yenye bahati. Mito yake ilikuwa imepindapinda tangu kuumbwa, lakini serikali iliichora upya kwa rula, ikanyooka yote, kisha madaraja yakajengwa pale mito ilipochorwa. Mengine hayakuwa na maji chini yake, na ndiyo maana yalidumu sana. Watu wakikutana njiani mmoja alisema "Nyoosha!" na mwenzake akajibu "Kama rula!" Aliyesahau kujibu hakufanywa kitu. Aliulizwa tu jina lake, la baba yake, na la mbwa wake.

Siku moja Mnyooshaji Mkuu, kiongozi wa nchi, alitembelea shamba la mahindi akapigwa picha. Picha ilipotoka, yeye hakuonekana. Ilionekana ncha ya kofia tu katikati ya mahindi marefu, na chini yake maneno: "Kiongozi wetu (wa tatu kutoka kushoto)." Wiki hiyohiyo ikapitishwa Sheria ya Kimo cha Taifa. Kuanzia sasa nchi nzima ingepanda mbegu moja, Nyoofu Moja, siku ileile, saa ileile, honi ikilia. Na mahindi yakishakua yasizidi mita moja na sentimita sabini na tano, ambao ndio urefu wa Mnyooshaji Mkuu akiwa na kofia. Yatakayozidi yakatwe. Mbegu nyingine zote zikawa haramu: jiko litakalokutwa nazo lichomwe na paa lake, na mwenye jiko apelekwe Chuo cha Kunyooshwa. Waliotoka huko walikuwa wamenyooka kweli, hata kukaa hawakuweza tena.

Sasa hapo ndipo shida ya Bi Nyamizi ilipoanza. Juu ya mafiga yake, kwenye moshi, yalining'inia mahindi kumi na mawili ya mbegu iitwayo Kanga, yenye punje nyeupe na nyeusi kama manyoya ya ndege mwenyewe. Alipewa na mama yake, aliyepewa na mama yake. Kata nzima hayakuwapo mengine. Wenzake walishayachoma yao uwanjani, huku wanapiga makofi.

Shamba la Bi Nyamizi lilikuwa moja kwenye karatasi, lakini ukilitembea kwa miguu yalikuwa mawili. Chini bondeni palikuwa na udongo mweusi unaoshika maji mpaka yanalia ukikanyaga. Juu kilimani palikuwa changarawe tupu. Mvua ikinyesha asubuhi, mchana jiwe limekauka kama halijui unasema nini. Bondeni, ng'ambo ya mfereji wake, ndipo serikali ilipoweka Shamba la Mfano la Taifa, lenye bango kubwa kuliko nyumba ya mtu.

"Wifi, choma hayo mahindi," Kabula, dada wa marehemu mumewe, alimwambia Bi Nyamizi siku ile sheria iliposomwa. "Unataka nikuletee chakula chuoni mimi? Miguu yenyewe hii?"

"Huko juu kwenye changarawe nitapanda nini?"

"Si Nyoofu Moja! Imesemwa inaota popote."

"Hiyo mbegu walikuzia wapi?"

"Bustani ya wizara. Nyuma ya bafu la waziri, nasikia."

"Enhe. Inaoga asubuhi na jioni, inalishwa samadi ya ng'ombe mia. Mbegu nzuri, siisemi vibaya, na huku bondeni itanifaa. Lakini kilimani kwangu hakuna bafu, wifi." Bi Nyamizi akachochea kuni. "Mama alikuwa akisema mbegu ni bi harusi, ardhi ni bwana harusi, mkulima ndiye mama mkwe. Ndoa ikivunjika usimpige mmoja, waite wote watatu uwaulize."

"Na mvua?"

"Mvua ni mshenga. Anakuja akitaka, na bila yeye hakuna harusi."

"Haya, mama mkwe," Kabula alisema akiyaangalia yale mahindi kwa jicho la woga. "Ukichomewa jiko usije kulala kwangu. Mimi nakoroma."

Sikukuu ya Kupanda ilifika, honi ikalia saa tatu kamili, na taifa zima likainama. Vumbi lilikuwa jingi hata watu wakawa wanapandiana mashimo. Mvua haikuwa imealikwa kwenye kamati, kwa hiyo haikuja. Ilikuja wiki tatu baadaye, na siku hiyo, watu wote wakiwa wamekatazwa kupanda, Bi Nyamizi alipanda kilimani punje za mahindi matatu ya Kanga, nyuma ya ukuta wa mbaazi. Tisa akayaacha yaning'inie.

Bondeni Nyoofu Moja ilitoka kama imeitwa. Kwenye Shamba la Mfano, lililopata samadi ya kikosi kizima cha ng'ombe, ilipita kichwa cha mtu, ikaendelea. Na Kanga, kwa kuwa ni mbegu ya haraka, ikawafikia wenzake njiani: mbelewele zake, yale maua ya kichwani, zilichanua kilimani siku zilezile ndevu zilipotoka kwenye mahindi ya bondeni.

Ndipo akaja mpimaji.

Aliitwa Bwana Kitunga, Mpimaji wa Kata, mtu mwembamba mwenye rula ya mbao iliyomzidi urefu kidogo na panga jipya. Alianzia Shamba la Mfano, kwa heshima ya taifa. Alisimamisha rula, akasoma, akatikisa kichwa, akakata. Bua baada ya bua, kila lililozidi alilipunguza kichwa, na mbelewele zikawa zinaanguka njiani kama vumbi la dhahabu. Bi Nyamizi aliangalia mpaka akashindwa, akavuka mfereji.

"Bwana mpimaji, nyoosha."

"Kama rula, mama."

"Hizo unazokata ndizo madume. Unga wake ndio unaoangukia ndevu, ndipo punje zinaingia. Ukiyakata yote vichwa, majike yatazaa na nani?"

Bwana Kitunga akafungua daftari, akatafuta ukurasa, akafunga. "Masuala ya uzazi yako Wizara ya Afya. Mimi ni wa kimo."

Akakata yote aliyoyafikia. Akavuka mfereji, akakata na ya Bi Nyamizi bondeni. Kisha akainua macho kilimani, akaona mbaazi.

"Kule juu kuna nini?"

"Mbaazi, baba."

"Na nyuma ya mbaazi?"

Bi Nyamizi akasimama mbele yake. "Nyuma ya mbaazi kuna jua kali, na wewe hujanywa kitu tangu asubuhi. Karibu kwanza uji."

Sasa jamani, mtu akiogopa hufikiri kwa miguu. Alimtoa mpimaji kwenye shamba la haramu akamwingiza kwenye jiko la haramu. Alilitambua kosa lake pale Bwana Kitunga alipovuta kigoda, akakaa chini ya yale mahindi tisa, akaegemeza rula ukutani, na kushika bakuli kwa mikono miwili. Moshi ulikuwa mwingi, ukayafunika. Bi Nyamizi akaongeza kuni mbichi.

"Jiko lako lina moshi, mama."

"Ndiyo baraka yake."

"Watu wengine," mpimaji akasema akipuliza uji, "bado wanaficha mbegu. Unaamini? Jana Kata ya Pili wamechoma majiko manne. Mmoja alikuwa bibi kizee, analia anasema ni mapambo." Akacheka. Hakuinua kichwa. "Nilisikitika sana. Lilikuwa jiko zuri."

Dumuzi, yule mdudu anayetafuna mahindi ghalani, hana habari ya sheria. Wakati huohuo alimaliza kazi yake kwenye moja ya yale mahindi, na punje moja nyeusi ikaachia, ikashuka taratibu mbele ya macho ya Bi Nyamizi, ikaingia kwenye bakuli la serikali. Chubwi.

Bwana Kitunga akatazama ndani. Akaingiza vidole viwili, akaitoa, akaigeuza kwenye mwanga.

"Uji wako una meno, Bi Nyamizi."

"Ni kunde, bwana mpimaji."

"Kunde?"

"Kunde."

Akaing'ata kidogo. "Kunde ngumu." Akaifuta kwenye suruali, akaitia mfuko wa shati. "Mke wangu anapenda kunde. Nitaipanda." Akamaliza uji wote, akashukuru, akatoka, akasahau kilima. Bi Nyamizi alikaa kwenye kile kigoda mpaka kuni zikaisha.

Msimu ukaenda. Nchi ilipendeza! Kutoka juu ilionekana kama mkeka uliopigwa pasi. Mnyooshaji Mkuu alipigwa picha kwenye mashamba kumi na saba, na katika zote alionekana mpaka mabegani, maana mapanga yalikata kuzidi rula. Fomu za taarifa ya mavuno zilipelekwa vijijini zikiwa na visanduku viwili: "Vizuri" na "Vizuri Sana". Mikoa yote ilijaza cha pili.

Kabula ndiye aliyemenya wa kwanza. Alikuja kwa Bi Nyamizi ameficha hindi kwenye kanga, anahema.

"Wifi, angalia kitu hiki."

Lilikuwa gunzi. Gunzi refu, safi, lenye punje tano zimetawanyika kama meno ya mzee.

"Yote?"

"Nimemenya thelathini. Na Mama Lutindi, na kwa mjumbe. Kijiji kizima tuna magunzi. Tutakula nini mpaka masika?"

"Mmetoa taarifa?"

"Kwenye kisanduku kipi?"

Jioni hiyo Bi Nyamizi alipita karibu na Shamba la Mfano, akachuma hindi moja chini ya bango, askari wa zamu wakiwa wamegeuka, akalimenya ndani ya kanga yake. Hindi lilikuwa limejaa. Punje zimebanana toka chini mpaka kwenye ncha, na kati ya punje nyeupe za Nyoofu Moja zimetapakaa punje nyeusi, kama mtu amemwaga wino.

Upepo wa kilima huteremkia bondeni, ukaruka shamba lake mwenyewe, ukatua ng'ambo ya mfereji. Unga wa Kanga ulikuwa umeshuka, ukawaoa mabinti wote wa serikali. Shamba pekee lililojaa katika Jamhuri ya Mnyoosho lilikuwa limeandikwa jina la Bi Nyamizi kwenye kila hindi, na siku nne baadaye Waziri wa Mazao na Ulinganifu angekuja kumenya mbele ya umma.

"Tukayachume yote leo!" Kabula alisema.

"Askari sita wanalilinda. Wanaogopa yasirefuke."

"Basi choma yale tisa. Ng'oa na ya kilimani. Wakija wasikute kitu."

Bi Nyamizi alikwenda jikoni, akalitungua moja, akaliweka mbele ya moto. Alikaa nalo hapo muda mrefu, ganda likaanza kunuka joto. Kisha akalirudisha juu. "Nikiyachoma haya, mwakani nchi nzima haitakuwa na dume hata moja lililobaki na kichwa. Acha waje."

"We mwanamke we," Kabula alisema, akaanza kulia. "Kumbe kweli nitakuletea chakula chuoni."

Waziri alikuja na magari kumi na mawili na kiti chake mwenyewe. Aliitwa Mheshimiwa Bakanja, na sauti yake ilikuwa nzito hata kipaza sauti kilikuwa cha heshima tu.

"Ndugu wananchi! Nyoosha!"

"KAMA RULA!"

"Zamani kila mkulima alipanda anachotaka, mahali anapotaka, mvua inapotaka. Ile ilikuwa vurugu! Sisi tumeuliza: kama sheria ni moja, kwa nini udongo uwe mwingi? Tumeuambia udongo uache ubinafsi!" Makofi. "Leo tunamenya matunda ya umoja!"

Likaletwa hindi la Kata ya Kwanza. Akamenya. Gunzi. Akaligeuza upande mwingine, kama punje zimejificha nyuma. Msaidizi wake akanong'ona, naye akatangaza: "Hili ni hindi lililojitolea! Limempa taifa punje zake mapema!" Makofi, lakini machache. La Kata ya Pili: gunzi. "Hili limekuwa jepesi, kwa urahisi wa usafirishaji!" La Tatu: gunzi. Hakuna aliyepiga makofi. Upepo ukasikika. Watu walianza kuangaliana, na askari wakaanza kuwaangalia watu wanaoangaliana.

"Leteni la Shamba la Mfano," Waziri akasema. Jasho lilikuwa limeshuka mpaka kwenye kola.

Bi Nyamizi alikuwa mstari wa pili. Aliona Bwana Kitunga anachuma hindi, anakuja nalo. Alipopita mbele yake alipunguza mwendo kama mtu aliyeingiwa na mchanga kwenye kiatu, akasema bila kufungua meno:

"Ile kunde yako, Bi Nyamizi, imeota majani ya mahindi."

Akaendelea kutembea.

Maganda yakachanwa. Hindi lilikuwa limejaa, na lilikuwa na madoa. Waziri akalitazama. Akamenya jingine: madoa. Jingine: madoa.

"Mpimaji," sauti yake sasa ilihitaji kipaza. "Hii ni nini?"

Bwana Kitunga alisimama wima kuliko rula yake. Ukimya ulirefuka ukazidi kimo cha taifa. Bi Nyamizi alijua anachokipima: akimtaja, ataulizwa alijuaje; akisema alijuaje, ataulizwa kwa nini alikunywa uji wote. Lakini mtu anayeogopa anaweza kusema lolote, na jina la mtu ni jepesi sana kutoka. Mpimaji akafungua mdomo.

"Ni watoto wangu," akasema Bi Nyamizi.

Watu wakageuka. Kabula akashika kichwa.

"Mheshimiwa, mlikata madume yote vichwa. Majike yakakaa na ndevu zao yanasubiri. Baba wa hayo mahindi yuko kilimani kwangu, nyuma ya mbaazi. Aliachwa na kichwa chake kwa sababu ni mfupi na kwa sababu hamkumwona. Ndiye aliyezaa na majike yenu."

Walipanda wote, Waziri mbele, amekanyaga changarawe kwa viatu vya kung'aa. Waliikuta Kanga imesimama pale ovyoovyo, bua hili refu lile fupi, kwenye mawe makavu, imebeba. Rula ikasimamishwa. Kanga ingemfika Mnyooshaji Mkuu kifuani, kama angekuwapo.

Waziri akaangalia kilima. Akaangalia bonde lote lile la magunzi. Akaangalia magari yake kumi na mawili, na njia ndefu ya kurudi ikulu na habari yake. Bi Nyamizi aliona uso unahesabu, akajua jiko lake linatafutiwa bei.

"Ndugu wananchi," Waziri akasema hatimaye, "nawatambulisha Nyoofu MBILI!"

Makofi! Watu walipiga kwa njaa.

"Mbegu iliyofanyiwa utafiti wa siri kilimani, na wizara yangu, chini ya uangalizi wa mama huyu! Mwakani nchi nzima, mlimani na bondeni, mbegu hii peke yake! Kimo kipya cha taifa: mita moja na thelathini! Mnyooshaji Mkuu atapigwa picha mpaka kifuani! Nyoofu Moja ni haramu, na jiko litakalokutwa nayo, wote mnajua!"

"Mheshimiwa," Bi Nyamizi akasema, "mbegu hii ni ya changarawe. Ukiipeleka bondeni inakomaa mvua ikiwa bado inanyesha, maji yanaingia ganda, inaozea kwenye bua. Kila mbegu na kwao. Kule chini ni pa ile nyingine, mradi msiikate kichwa."

"Mama," Waziri akamshika bega kwa upole, "kwao ni kote."

Wakamvisha shada. Jiko lake likapekuliwa, mahindi tisa yakateremshwa kutoka kwenye moshi, yakawekwa kwenye sanduku la kioo, yakaondoka kwa gari lao peke yao, likipiga king'ora. Ya kilimani yakachumwa yote, akaachiwa mawili, kama zawadi, na cheti.

Msimu uliofuata honi ililia saa tatu kamili. Kilimani kwa Bi Nyamizi Nyoofu Mbili ilikubali, maana ilikuwa kwao. Kote mabondeni iliota vizuri, ikakomaa upesi, ikaanza kunuka. Fomu zilijazwa "Vizuri Sana". Na Bwana Kitunga alikuja na rula mpya, fupi, na panga lilelile.

Bi Nyamizi alimkaribisha jikoni. Moshi ulikuwa mwingi. Juu ya mafiga yalining'inia mahindi ya Nyoofu Moja, meupe pe, mazuri, kumi na mawili. Alikuwa ameyachuma na Kabula kwenye vichaka vya ukingo wa mfereji, mahali ambapo panga la mwaka jana lilichoka likaacha mabua kadhaa na vichwa vyake.

Mpimaji akakaa, akapokea bakuli. "Mama, kule bondeni kwako nimeona kitu kirefu. Mita tatu hivi. Kina kichwa."

Bi Nyamizi akachochea moto. Kuni zililia.

"Nimeweka rula," Bwana Kitunga akaendelea, "imefika magotini kwake. Nikajiuliza, mahindi gani ya urefu huo katika nchi yenye sheria? Haiwezekani. Nimeandika ni miti."

"Miti," akasema Bi Nyamizi.

"Ya kivuli. Miti hainihusu, iko Wizara ya Misitu."

Juu yao dumuzi akamaliza kazi yake. Punje moja, nyeupe, ikaachia, ikashuka. Chubwi.

Wote wawili wakatazama ndani ya bakuli. Mpimaji akaitoa kwa vidole viwili, akaifuta, akaitia mfuko wa shati.

"Kunde," akasema.

"Kunde," akajibu Bi Nyamizi, akamwongezea uji.

Haya sasa, itikieni. Lakini kwa sauti ya chini, na msiitikie wote pamoja.